Henryk Górecki na nyimbo za akina mama wanaotafuta watoto wao

Katika mji wa Zakopane, kusini mwa Polandi, chini ya milima ya Tatra, kulikuwa hoteli moja yenye jina la «Palace». Wanazi walipoiteka nchi hiyo mwaka wa 1939, polisi wao wa siri, Gestapo, waliigeuza hoteli kuwa makao yao na gereza. Watu wa milimani waliletwa humo kuhojiwa na kuteswa, na wengi hawakutoka wazima. Wafungwa walikwaruza maneno kwenye kuta za vyumba. Wengine waliandika kwamba hawana kosa, wengine waliwalaani wauaji wao, wengine waliomba kulipiziwa kisasi. Mwishoni mwa Septemba 1944, msichana wa miaka 18 aliandika pia. Hakumlaani mtu. Alimwambia mama yake asilie, kisha akamwomba Bikira Maria amsaidie.

Miaka mingi baadaye maneno hayo machache yalifika mikononi mwa mtunzi wa muziki aliyeitwa Henryk Mikołaj Górecki. Akayaweka katikati ya kazi yake kubwa, Simfoni ya Tatu, ambayo yeye mwenyewe aliipa jina la Simfoni ya Nyimbo za Huzuni. Alieleza kwamba kilichomgusa ni kuona mtoto yule, karibu na kifo, hajifikirii mwenyewe. Anamfikiria mama, maana anajua ni mama atakayebaki na uchungu.

Huku kwetu jina la Górecki halijulikani sana. Muziki wa okestra watu wengi huusikia tu redio inapoupiga siku za maombolezo, na watu husema «huo ni muziki wa Wazungu wa zamani». Lakini Górecki si mtu wa zamani. Alifariki mwaka wa 2010. Na mambo aliyoyatungia muziki, yaani vita, mtoto asiyerudi, mama asiyejua mwanawe amezikwa wapi, hayahitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyelala chini ya turubai ndani ya kambi ya wahami.

Alizaliwa tarehe 6 Desemba 1933 katika kijiji cha Czernica, katika eneo la Silesia, nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Silesia ni sehemu ambayo mipaka imeipita juu mara nyingi. Wajerumani na Wapolandi waliigombania, na kati ya mwaka 1919 na 1921 wenyeji walichukua silaha mara tatu dhidi ya utawala wa Ujerumani. Vijana wengi walikufa katika maasi hayo. Vita ya pili ilipofika, Ujerumani ikaimeza tena. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa huko alikua akisikia lugha mbili na hadithi za wafu wa pande zote.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake, Otylia, alipenda kupiga piano. Mama huyo alifariki siku ile ile mtoto alipotimiza miaka miwili. Baba akaoa tena, na mama wa kambo hakutaka kijana aguse ile piano ya marehemu. Juu ya hayo, akiwa bado mdogo alianguka akicheza na kuumia nyonga. Alicheleweshewa matibabu, ugonjwa ukaingia ndani ya mfupa, akakaa muda mrefu hospitalini na kupasuliwa mara nyingi. Afya yake haikukaa sawa tena hadi mwisho wa maisha. Hata hivyo alijifunza muziki kwa ukaidi, jinsi alivyoweza. Kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka wa 1955 ndipo alipoingia shule kuu ya muziki ya Katowice, chini ya mwalimu Bolesław Szabelski.

Anayemjua kwa nyimbo za huzuni tu atashangaa akisikia kazi zake za kwanza. Zilikuwa kali mno. Mwaka wa 1960 okestra ilipiga kazi yake iitwayo Scontri, yaani «migongano», kwenye tamasha la muziki mpya la Warszawa, na lilikuwa jambo la kelele na mshituko: ngoma, shaba, nyuzi, vyote vikigongana kama mawe. Wengine walikasirika. Lakini wataalamu walimsifu, wakamhesabu miongoni mwa vijana wa mbele kabisa Ulaya. Kwa serikali ya chama kimoja iliyokuwa ikitawala Polandi (wazee wetu waliokulia chini ya MPR hawahitaji kuelezwa zaidi) muziki wa namna hiyo ulikuwa na faida moja: hauna maneno, kwa hiyo ni vigumu kuukamata na kuushitaki.

Kisha, polepole, mtu huyu akabadilika. Alianza kusikiliza nyimbo za kanisa za karne zilizopita na nyimbo za vijijini. Sauti zikapungua, mwendo ukawa mzito. Mwaka wa 1971 alitunga Ad Matrem, maana yake «Kwa Mama», akaitoa kwa kumbukumbu ya Otylia. Ndani yake kuna okestra kubwa na korali, na mwimbaji mwanamke mmoja ambaye msikilizaji anamngoja, anamngoja, hadi karibu na mwisho ndipo anaimba maneno machache sana. Kazi hiyo ilipata nafasi ya kwanza mwaka wa 1973 mjini Paris, katika shindano la watunzi linaloungwa mkono na UNESCO. Si ajabu kwamba mwanamume aliyefiwa na mama akiwa na miaka miwili alichukua miaka 35 kabla ya kumwandikia. Na hata hapo hakuwa na maneno mengi ya kumwambia.

Ndipo ikaja Simfoni ya Tatu. Redio moja ya Ujerumani, Südwestfunk ya Baden-Baden, ndiyo iliyoiagiza. Mpolandi kuandika kwa ajili ya Wajerumani, miaka 31 tu baada ya vita, halikuwa jambo dogo kwa mtu ambaye babu yake alifungwa Dachau na shangazi yake Auschwitz. Alipoulizwa habari hiyo, alijibu kwamba Bach naye alikuwa Mjerumani, na Schubert alitoka upande ule ule wa lugha, na kila mtu ana mahali pake duniani. Aliiandika mwishoni mwa mwaka 1976, kwa miezi mitatu, akaitoa kwa bibi yake Jadwiga.

Simfoni ina sehemu tatu, zote za polepole. Jambo hilo peke yake lilikuwa ukaidi, maana simfoni ya kawaida huwa na mahali pa kukimbia na pa kufurahi.

Sehemu ya kwanza inapita dakika 25. Inaanza chini kabisa, kwa kontrabasi peke yake, sauti ambayo kwa redio ndogo ya betri karibu haisikiki. Wanapiga wimbo mrefu, mtulivu, kama watu wanaotembea usiku. Wakiumaliza, kundi lingine la nyuzi linaingia na wimbo ule ule, juu kidogo, huku wa kwanza wakiendelea. Kisha lingine, na lingine tena. Anayejua jinsi watu wanavyoongezeka barabarani kijiji kinapohama ataelewa bila kufundishwa: mwanzoni ni familia moja, baada ya saa moja njia imejaa. Nyuzi zote zikishafika, muziki unajikusanya hadi noti moja tu, na juu ya noti hiyo mwanamke anaanza kuimba. Maneno yake yanatoka katika maombolezo ya karne ya 15, ya monasteri ya Msalaba Mtakatifu: Bikira Maria anamwomba Mwanawe amgawie majeraha yake, wayabebe pamoja. Wimbo wake unapanda, na pale unapofika juu kabisa nyuzi zote zinarudi kwa nguvu. Baada ya hapo kundi moja moja linaondoka, mpaka wabaki wale wa kontrabasi peke yao kama mwanzo.

Sehemu ya pili ndiyo ya msichana wa Zakopane. Ni fupi, dakika kama tisa, na ndiyo inayopigwa zaidi redioni na kwenye sherehe za kumbukumbu. Ina uzuri wa wazi, karibu utamu. Lakini kuikata na kuipiga peke yake ni kuikosea. Katika sehemu ya kwanza mama ndiye anayesema na mtoto anayekufa. Katika ya pili mtoto anayekaribia kufa ndiye anayesema na mama. Ukiondoa moja, mazungumzo yanakatika, kinabaki kitulizo tu.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kwa watu wa Kivu na Ituri kuisikiliza. Górecki aliuchukua wimbo wa wakulima wa upande wa Opole, wimbo wa mama ambaye mwanawe aliuawa katika yale maasi ya Silesia. Mama anauliza mwanawe mpenzi amekwenda wapi. Anawauliza wauaji kwa nini walimuua. Anasema hata akilia mpaka machozi yawe mto mwingine kama mto Odra wa kwao, hayatamrudishia mtoto. Halafu anafika kwenye neno lenyewe: hajui amelala wapi. Amewauliza watu kila mahali, hakuna anayejua. Labda yuko ndani ya shimo baya fulani, yeye ambaye angeweza kulala kitandani mwake. Mwishoni anawaomba ndege wamwimbie mwanawe, kwa kuwa mama ameshindwa kumpata, na maua yachanue kumzunguka.

Hapo Górecki hakuongeza kilio. Okestra inayumbayumba kati ya sauti mbili, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Mama anaomboleza na muziki unabembeleza, vyote kwa wakati mmoja. Karibu na mwisho, sauti ya huzuni inageuka kuwa ile wanamuziki wanayoiita sauti ya furaha, A kubwa, na inarudiwa, inarudiwa tena na tena bila haraka. Wengine wanasikia tumaini ndani yake. Wengine wanasikia mama aliyechoka kulia. Muziki hauamui, na ni vizuri usiamue, kwa sababu familia ambayo haijaona kaburi haijui yenyewe ifanye matanga au iendelee kungoja.

Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 4 Aprili 1977 katika mji wa Royan, Ufaransa, mbele ya wataalamu wa muziki mpya. Kiongozi wa okestra alikuwa Ernest Bour, na mwimbaji Stefania Woytowicz. Wataalamu hawakuipenda hata kidogo. Kwao, yule kijana mkali wa Scontri alikuwa amerudi nyuma na kuwasaliti wenzake. Magazeti yaliandika vibaya, na kwa miaka mingi ilikuwa kama imekwisha hapo. Wapolandi waliirekodi, rekodi nyingine zikafuata, lakini waliozinunua walikuwa wachache.

Nyumbani kwake mambo mengine yalikuwa yakipikwa. Tangu 1975 Górecki alikuwa mkuu wa ile shule ya muziki ya Katowice alikosomea. Mwaka wa 1977 askofu mkuu wa Kraków, kardinali Karol Wojtyła, alimwomba kazi kwa ajili ya miaka 900 tangu kuuawa kwa mtakatifu Stanislaus, askofu aliyepambana na mfalme. Kabla kazi haijakwisha, Oktoba 1978, kardinali huyo akachaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, yule yule aliyekuja kututembelea mwaka wa 1980 na 1985 nchi ikiitwa Zaire. Ombi ambalo lilikuwa la kanisa tu likawa la siasa. Chama hakikumfurahia mkuu wa shule ya serikali anayemtungia Papa muziki. Akabanwa, na mwaka wa 1979 akaacha ukuu. Juni mwaka huo huo alisimama Kraków kuiongoza okestra mwenyewe, kazi yake Beatus Vir ikapigwa mbele ya Papa.

Miaka miwili baadaye alitunga jambo ambalo, kwa maoni ya wengi wanaopenda korali, linafaa kuwekwa karibu na Simfoni ya Tatu. Machi 1981, katika mji wa Bydgoszcz, polisi waliwavamia na kuwapiga wanachama wa Solidarność, chama cha wafanyakazi kilichokuwa kikiitikisa serikali, pamoja na wakulima wenzao. Górecki akaandika Miserere, kwa korali kubwa bila chombo chochote. Maneno yote ni matano ya Kilatini. Kwa zaidi ya nusu saa korali inarudia matatu tu, «Bwana Mungu wetu», kuanzia sauti nzito za wanaume na kupanda mpaka sauti zote ziwe zimeingia. Yale mawili ya mwisho, «utuhurumie», yanangojwa mpaka mwisho kabisa, nayo yanaimbwa kwa sauti ndogo. Korali za parokia zetu zinazojua kuimba litania hadi watu waloe machozi zingeweza kuuelewa mpango huo mara moja. Hautaki ufundi wa ajabu, unataka pumzi na uvumilivu.

Lakini Desemba 1981 jeshi lilitangaza utawala wa kijeshi, Solidarność ikapigwa marufuku, na Miserere ikakaa kabatini. Iliimbwa hadharani Septemba 1987 tu, katika mji wa Włocławek. Karibu na mji huo ndipo, mwaka wa 1984, maiti ya padri Jerzy Popiełuszko ilipotolewa majini, baada ya maofisa wa usalama wa taifa kumteka na kumuua. Mwaka huo huo wa 1987 Papa alirudi Polandi kwa mara ya tatu, na Górecki akamwandikia wimbo mfupi wa korali, Totus Tuus. Pengine ndio wimbo wake unaoimbwa makanisani zaidi kuliko mingine yote.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, hata yeye. Mwaka wa 1992 kampuni ya Nonesuch ya Marekani ilitoa rekodi mpya ya Simfoni ya Tatu, akiimba Dawn Upshaw, na London Sinfonietta ikiongozwa na David Zinman. Mwaka huo huo huko Uingereza redio mpya, Classic FM, ilianza kusikika, ikawa inapiga vipande vya simfoni hiyo kila mara. Watu walisimamisha magari barabarani wamalize kusikiliza, ndivyo ilivyosimuliwa. Rekodi iliingia katika orodha ya Waingereza ya muziki wa kawaida, pamoja na vijana wa magitaa, ikapanda mpaka nafasi ya 6. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, jambo ambalo karibu halijapata kutokea kwa mtunzi wa simfoni aliye hai. Ile kazi iliyotupwa na wataalamu wa Royan, watu wa kawaida waliiokota miaka 15 baadaye.

Sifa hizo zilikuja na shida yake. Watu wa televisheni na filamu waligundua kwamba muziki huu unafaa kuwekwa juu ya picha za kambi, maiti na wakimbizi. Simfoni ikaanza kuitwa simfoni ya Auschwitz. Górecki alikuwa ameiona Auschwitz akiwa bado mwanafunzi, na hakuisahau maisha yake yote. Zamani aliwahi kuombwa atunge kazi kuhusu kambi hiyo, akashindwa kuimaliza. Lakini kuhusu simfoni alisisitiza kwamba haihusu vita fulani wala taifa fulani. Inahusu kifungo kati ya mama na mtoto. Ukiyatazama maneno yake utaona ana haki: moja ni la karne ya 15, jingine la vita ya pili, jingine la maasi ya 1919 hadi 1921. Na watu wa hapa, ambao picha zao zimezunguka dunia nzima zikiwa na muziki wa huzuni ambao hawakuuchagua na majina yao hayakuandikwa, wanaelewa kwa nini mtunzi hakupenda mambo hayo. Machozi ya mtu si pambo la kipindi.

Kampuni na mashabiki walitazamia aandike Simfoni ya Nyimbo za Huzuni ya pili. Hakuiandika. Alijinunulia nyumba milimani, karibu na Zakopane, akaendelea kwa mwendo wake. Aliandika kazi tatu za violini mbili, viola na selo kwa ajili ya Kronos Quartet ya Marekani, baadhi ya kurasa zake zikiwa kali na zenye hasira kama za ujanani. Ile ya tatu aliimaliza mwaka 1995, kisha akaizuia miaka kumi. Ilipigwa mara ya kwanza mwaka 2005.

Oktoba 2010, akiwa amelazwa hospitalini, aliletewa kitandani nishani kubwa kuliko zote za Polandi, ile ya Tai Mweupe. Alifariki Katowice tarehe 12 Novemba mwaka huo. Mezani aliacha Simfoni ya Nne: muziki wake ulikuwa umekamilika kwa piano, pamoja na maelezo ya vyombo gani vipige nini, lakini kurasa za okestra zilikuwa bado. Mwanawe Mikołaj, mtunzi naye, alikaa na karatasi za baba akaziandikia okestra. Ilipigwa London tarehe 12 Aprili 2014, chini ya uongozi wa Andrey Boreyko.